Mawe Yaliyong'atwa Meno

Komputa ya marehemu ilisema leo ni Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi. Kalenda ya ukutani ilisema Jumatatu. Afande Ikwap, mkuu wa upelelezi, alisema huo ni upuuzi.

"Hiyo kitu imezeeka kuliko wewe," alimwambia Sajenti Babra Athieno kutoka mlangoni mwa chumba cha vielelezo. "Zima. Maliza faili. Saa nane huyo mwanamke nakwenda kortini."

"Afande, nipe dakika kumi."

"Ya kufanya nini? Kuongea na televisheni?"

Athieno alichungulia kioo cha komputa tena, akaandika alichokiona, saa tatu na dakika mbili, kisha akaizima ile komputa na kuvua saa yake ya mkononi akailaza mezani.

Kesi yenyewe ilionekana imekwisha kabla haijaanza. Mwalimu Olweny, mstaafu wa hesabu wa Rubongi, alikutwa Jumamosi saa saba mchana amelala chini kando ya meza yake, kichwa kimepasuliwa kwa mchi wa kinu. Mchi ulitoka jikoni. Jikoni alitawala mtu mmoja tu, Prossy Ajambo, mwanamke wa Kisamia aliyempikia mzee kwa miaka minane na kulala katika kijumba cha uani. Na juu ya meza palikuwa na komputa ya nyumbani ya miaka ya themanini, kizee cha rangi ya maziwa yaliyoganda, ambayo mzungu mmoja mwalimu aliiacha alipofunga safari ya kwao. Kila siku mzee alipima mvua kwa kopo lake uani, akaingiza kipimo humo. Kila alipohifadhi, komputa ilipiga muhuri wa tarehe na saa.

Muhuri wa mwisho ulikuwa wa Jumamosi, 03:23. Saa tisa na dakika ishirini na tatu usiku.

Usiku huo geti lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo wa pili alikuwa nao Prossy. Aliondoka alfajiri saa kumi na mbili kwenda Busia. Kwa hiyo, alisema Ikwap, mzee aliandika mvua yake saa tisa usiku, akauawa hapo hapo kitini, na muuaji akajifunga leso akaenda sokoni. Oketcho, mtoto wa kaka yake mwalimu, ndiye aliyeukuta mwili na kupiga simu. Yeye alikesha matangani Kisoko, na watu thelathini walimwona akipiga ngoma hadi kulipokucha.

Dakika kumi zikatimia. Athieno akawasha. Kioo kikakohoa rangi ya kijani, kisha kikaandika: Jumamosi, 09:02. Dakika ile ile aliyoizimia.

"Afande, ona. Ikizimwa, saa inasimama."

"Basi imekufa."

"Ikifa ingesahau hata tarehe. Hii haijasahau. Imesimama tu, inangoja umeme." Akageuza lebo ya kielelezo iliyofungwa kwenye waya. "Wewe mwenyewe uliandika: imechomolewa ukutani Jumamosi, saa nane na dakika arobaini mchana. Mimi nimeiwasha mara ya kwanza leo, ikasema saa tatu asubuhi. Kwa hiyo ulipoichomoa, yenyewe ilidhani ni saa tatu. Ilikuwa nyuma kwa saa tano na dakika arobaini."

"Au ilikuwa nyuma tangu enzi ya Waingereza."

"Hapana. Mihuri yote ya nyuma ni ya saa tatu asubuhi. Tatu na dakika mbili, tatu na dakika nne. Mwaka mzima, Afande. Mzee alipima mvua saa tatu kama mtu wa sala. Siku moja tu ndiyo imeruka ikaenda usiku, na ndiyo siku aliyokufa."

Ikwap akamtazama jinsi mtu anavyotazama mbuzi aliyeingia kanisani. "Sajenti, saa nane. Kama huna kitu cha kuandika kwa karatasi, hakimu hatasoma macho yako."

Aliondoka. Athieno akaipindua komputa. Chini yake palikuwa na mfuniko mdogo, na ndani ya mfuniko mawe matatu madogo ya redio, betri za kawaida, yamepangwa kwenye kikasha cha plastiki. Kikasha kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Odwori Fundi, Busia. Athieno akayatoa mawe. Karatasi zake zilikuwa zimepauka na kufura kwa jua, na kila moja lilikuwa na vishimo ubavuni.

Alivijua vishimo vile. Nani asiyevijua? Mawe yakichoka, unayaanika juu ya bati mchana kutwa. Yakichoka tena, unayang'ata meno, yatoe pumzi ya mwisho. Vishimo hivi vilikwenda vinne vinne, na katikati palikuwa na pengo.

* * *

Prossy Ajambo hakuinuka Athieno alipoingia kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa ameketi tayari sakafuni, mgongo ukutani, na alibaki huko.

"Kuna kiti, mama."

"Kiti ni cha wenye nyumba."

Athieno akaketi sakafuni mbele yake. Prossy akageuza uso.

"Hata ukilala, mimi sina neno. Nimesema. Mzee nilimwacha anakohoa. Saa kumi na mbili. Mtu aliyekufa anakohoa?"

"Hakohoi. Nataka nikuulize kitu kingine. Komputa yake, uliigusa?"

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Nilifagia chini yake. Miaka minane. Hakuna kijiko kilichopotea nyumba ile. Muulizeni mtu yeyote Rubongi, Prossy ni mwizi?"

"Sijasema mwizi."

"Unazunguka, lakini ndiko unakokwenda. Mmekosa damu kwa nguo yangu, sasa mnatafuta wizi." Alicheka bila furaha, na Athieno akaona pengo la jino la mbele, juu. "Andika niliua. Mwizi usiandike."

"Prossy, kama uligusa yale mawe, sema. Huenda ndiyo yatakayokutoa."

"Eeh! Polisi anasema, ungama, utatoka." Alitema neno kama kokwa. "Mdogo wangu, hiyo nyimbo niliisikia kabla hujaota meno. Nenda."

Athieno akaenda. Mezani kwa mpokeaji wa mahabusu aliomba orodha ya vitu alivyokutwa navyo Prossy: leso mbili, omena debe nusu, redio ndogo moja, mawe madogo ya redio matatu, mapya. Akaomba ayaone. Kila jiwe lilikuwa limeandikwa kwa ule ule wino mzito: 14/6, O, 1.

Tarehe kumi na nne ilikuwa Jumamosi. Akatia sahihi, akafunga mawe mapya katika bahasha moja na yale yaliyong'atwa katika nyingine, akatoka mbio kutafuta pikipiki.

* * *

Kibanda cha Odwori kilikuwa Busia ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, nyuma ya soko, kati ya muuza chapati na mshona viatu. Redio zilizofunguliwa matumbo zilijaa hadi dari. Odwori mwenyewe, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya, alimtazama Athieno viatu kabla ya uso.

"Polisi," alisema. "Na wa ng'ambo."

"Sajenti Athieno, kutoka Tororo."

"Tororo iko kule nyuma ya geti, madam. Hapa wewe ni raia kama mimi. Unanunua au unapita?"

"Ni raia, ndiyo maana nimekuja kuomba, sikuja kuamuru." Akaweka mawe mapya juu ya meza. "Haya ni ya kwako?"

Odwori hakuyagusa. "Mawe ni mawe."

"Yana mwandiko wako. Jumamosi yalinunuliwa na mama mmoja wa Kisamia, mweusi, ana pengo hapa."

"Sijaona mama wa pengo. Jumamosi nilikuwa na kazi nyingi."

"Odwori, leo wamekuletea mrembo!" alipaza sauti muuza chapati, akigeuza chapati bila kutazama. "Waliopita walikuja na vitambi!"

"Funga mdomo, Nya-Busia."

"Mwaka jana walichukua nini kwako?" Athieno aliuliza.

"Boksi nzima. Watu wawili, viatu kama hivyo vyako. Walisema ni magendo. Vipuri vya redio, magendo! Niliandika barua hadi mkono ukachoka." Akachukua bisibisi, akairudisha. "Kwa hiyo mimi polisi nikimwona, huwa sijui kitu. Hata jina la mamangu silijui."

"Basi usiniambie mimi. Nisikilize tu. Huyo mama saa nane anapelekwa kortini kwa kumuua Mwalimu Olweny."

Bisibisi ikaanguka.

"Mwalimu wa mvua?"

"Yeye."

"Amekufa?" Odwori alivua miwani. "Mimi ndiye niliyemtengenezea kile kikasha. Betri yake ya asili ilivuja, ikala waya. Nikamwambia, mwalimu, tia mawe matatu ya kawaida, ni yale yale. Alinifundisha hesabu darasa la saba, akinipiga fimbo." Akavaa miwani tena, na uso ukafunga. "Pole kwake. Lakini mama simjui."

"Ala! Si yule aliyekungoja kwa stuli yangu?" Muuza chapati sasa alikuwa amesogea na mwiko mkononi. "Umefungua saa mbili na nusu, yeye amekaa tangu mbili. Akanunua chapati mbili. Halafu ukamtengenezea waya wa redio, mkapiga domo mpaka saa nne, wateja wangu hawana pa kukaa. Wewe Odwori, mtu anyongwe kwa sababu ya boksi yako?"

Mshona viatu aliacha kugonga.

"Namba moja," Athieno alisema taratibu, akigusa jiwe. "Hii moja maana yake nini?"

Odwori akashusha pumzi. "Mteja wa kwanza wa siku. Nikiuza naandika tarehe na namba, maana watu wa hapa wanakuletea mawe ya mwaka jana wakisema umewauzia jana." Akatazama chini. "Alikuwa yeye. Alisema kuna mawe ameazima mahali, lazima ayarudishe mapya kabla mwenyewe hajajua. Alikuwa na haya. Nikamcheka."

Athieno akafungua bahasha ya pili. Safari hii Odwori aliyachukua mwenyewe, akayaelekeza kwenye mwanga, akaona vishimo, akatikisa kichwa. Akayapima moja moja kwa kipimo chake, midomo ikijumlisha.

"Ndani ya ile komputa kuna chipu inayohesabu saa," alisema. "Umeme wa ukutani ukiwepo, inakula umeme. Ukikatika, inakula mawe. Mawe mazima yanaipa nguvu ya kutembea. Haya yamekwisha. Yanaipa nguvu ya kukumbuka tu. Ni kama mgonjwa: hawezi kutembea, lakini jina lake analijua. Umeme ukirudi, inaendelea ilipoishia, haijui imelala."

"Kwa hiyo itakuwa nyuma kwa muda gani?"

"Kwa muda ule ule umeme uliokosekana. Si zaidi, si pungufu. Mwalimu hakuizima kamwe, aliogopa haitaamka. Kwa hiyo wewe tafuta umeme ulikatika lini."

Athieno alikuwa tayari ameshika simu. Zahanati iliyo karibu na nyumba ya mwalimu ilikuwa na friji ya chanjo, na Sista Anjeline aliyeilinda aliandika kila umeme ulipokatika na uliporudi, kwa sababu dawa za watoto zilitegemea hilo.

"Sista, ni Athieno wa polisi. Ijumaa usiku."

"Mmekuja lini kuuliza habari za chanjo?" Sauti ilikuwa kavu. "Mkija huwa mnaomba panadol."

"Tafadhali, Sista."

Karatasi zikapeperuka. "Ijumaa. Ulikatika saa nne na dakika ishirini usiku. Umerudi saa kumi kamili alfajiri. Tangu hapo haukukatika tena hadi Jumapili."

Saa tano na dakika arobaini. Athieno aliandika, akajumlisha juu ya muhuri wa mwisho wa marehemu. Saa tisa na dakika ishirini na tatu usiku ikageuka saa tatu na dakika tatu asubuhi. Saa ile mwalimu alikuwa hai, ameketi, anaandika mvua yake kama siku zote. Na saa ile Prossy Ajambo alikuwa hapa, Busia, juu ya stuli ya muuza chapati.

"Utaandika maelezo na kutia sahihi?" alimwuliza Odwori.

"Upande gani wa geti?"

"Hapa hapa. Juu ya meza yako."

Odwori akavuta kalamu yake ya wino mzito, kisha akaiweka, akatafuta ya kawaida.

* * *

Alirudi Tororo saa saba na robo. Oketcho alikuwa ofisini kwa Ikwap, amevaa suti nyeusi ya msiba, akigonga meza kwa funguo za gari.

"Tangu lini mwenye maiti akangojeshwa?" alikuwa akisema. "Ukoo unataka kuzika. Ile nyumba inatakiwa ifunguliwe."

"Bado sahihi moja tu, bwana Oketcho," alisema Athieno kutoka mlangoni. "Maelezo yako ya Jumamosi yanaishia matangani. Hakimu atauliza ulifikaje kwa mzee. Tujaze tu."

Ikwap alimkunjia uso, lakini hakumzuia.

"Nilishasema. Nilikesha Kisoko."

"Kulikucha, ukaenda wapi?"

"Rubongi, kumsalimu mzee. Saa ngapi sijui. Saa tatu." Alipunga mkono. "Hata yule jirani wa ng'ombe alinisalimu getini. Nikabisha, kimya. Nikadhani mzee amelala. Nikaenda mjini, nikarudi saa saba, ndipo nikamkuta."

"Saa tatu. Una hakika?"

"Dada, nina saa mkononi. Saa tatu kasoro kidogo. Hadi tatu na nusu hivi nilikuwa pale pale getini."

"Nusu saa unabisha?"

"Ni mzee wangu. Ningeondoka tu?"

Athieno akaandika, akamsomea neno kwa neno, akamsogezea kalamu. Oketcho alitia sahihi kwa mkwaruzo mmoja mrefu. Karatasi ikaingia kwenye faili, na faili chini ya mkono wa Athieno. Kisha akamwomba askari wa zamu amlete Prossy.

Prossy aliletwa. Alipomwona Oketcho alisimama wima.

"Muuaji," Oketcho alimwambia. "Ulikula chakula chake miaka minane."

"Nilikipika," alisema Prossy. "Wewe ndiye uliyekula, kila ulipokuja kumgombeza auze shamba la barabarani."

"Nyamazeni!" Ikwap alipiga meza. "Sajenti, hii ni nini?"

Athieno akapanga mawe sita mezani, matatu huku, matatu kule. "Mama Prossy, Odwori ameandika kila kitu. Najua ulikuwa Busia saa mbili. Kinachobaki kinatoka kwako. Haya ya zamani yalifikaje ndani ya komputa?"

Prossy aliyatazama mawe. Aliyeua, aliwaza, angalau hutajwa kwa jina. Mtu wa kuiba mawe ya redio hana hata jina. Ni mwizi tu.

"Niliyabadilisha," alisema mwishowe. "Alhamisi. Yake yalikuwa mapya, nikayatia kwa redio yangu. Yangu niliyaanika, nikayang'ata, nikamwekea. Nilisema ni siku mbili tu."

"Kwa nini?" aliuliza Ikwap. "Muziki?"

"Matangazo ya vifo." Sauti yake ilikuwa ngumu kama ukoko. "Kwetu hawanipigii simu. Baba alikufa mwaka jana, nikasikia baada ya miezi miwili, kutoka kwa mtu wa samaki. Tangu hapo kila jioni nasikiliza redio. Jumamosi nikaenda kununua mapya nimrudishie. Sasa umeshaandika. Mwizi."

Athieno alimwekea Ikwap karatasi mbele yake: sahihi ya Odwori, saa za Sista Anjeline, lebo yake mwenyewe ya kielelezo. Ikwap alisoma akiwa amekunja uso. Akachukua penseli. Akatoa, akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena upya. Mara ya tatu hakuandika chochote. Alitazama tu jibu, kisha akainua macho polepole, akampita Prossy, akatua kwa Oketcho.

"Mzee alikuwa hai saa tatu na dakika tatu," alisema.

Oketcho alikuwa ameshaelewa. Mkono wake ulinyooka kuelekea chini ya mkono wa Athieno. "Ile karatasi. Kuna mahali nimekosea. Nirudishie nisahihishe."

"Kaa chini, bwana Oketcho."

"Saa yangu huwa inakosea, mimi..."

"Kaa chini!" Ikwap alinguruma, na askari wa zamu akaufunga mlango kwa mgongo wake. Funguo za gari zilianguka, hakuna aliyeziokota.

Ilikuwa imebaki nusu saa kufika saa nane. Ikwap alivuta hati ya mashtaka yenye jina la Prossy Ajambo, akaipasua vipande viwili, akavitupa kapuni. Hakumtazama.

"Wewe nakwenda nyumbani," alisema. "Hayo mawe tumesamehe."

Prossy hakusogea.

"Hujasikia?"

"Nimesikia. Jumamosi mlinipitisha sokoni na pingu, Rubongi yote wanatazama. Mlitangaza kwa mdomo, sasa mnasamehe kwa mdomo." Alivuta kiti, yeye aliyekataa kingine asubuhi, akaketi, akaweka mikono juu ya meza. "Andikeni. Mawe matatu niliiba, andikeni niliiba. Lakini hilo lingine, andikeni sikufanya. Na muhuri. Nitakaa hapa."

Athieno akachukua karatasi safi, akaandika jina lote la Prossy Ajambo juu kabisa, kwa herufi zinazosomeka hata na mtu aliyesimama mbali.

"Nisomee unavyoandika," alisema Prossy.

Akamsomea.